Panga Likishapita: Mwongozo wa Kukata na Kulisha Lusina na Gilirisidia

Tawi la lusina ulilolikata alfajiri bado li hai unapolifunga mzigoni. Majani yake yanaendelea kupumua na kula sukari yaliyojiwekea, na pale panga lilipopita, na kila mahali jani lilipopondeka au kubanwa na kamba, kemia mpya imeshaanza. Ukilifikisha horini baada ya nusu saa, ng'ombe anakula kitu kimoja. Ukilifikisha kesho yake, anakula kitu kingine kabisa, hata kama kwa macho ni majani yaleyale. Wafugaji wa huku kwetu, kuanzia Matuga hadi Lunga Lunga, wengi wameshaambiwa walishe kilo ngapi. Ni wachache walioambiwa walishe baada ya saa ngapi, na saa hizo ndizo ninazotaka kuzieleza hapa.

Lusina si ngeni Kwale. Imejiotea yenyewe kwenye kingo za barabara, na nyingine imepandwa mipakani mwa mashamba chini ya minazi. Kituo cha utafiti cha Mtwapa, kilipokuwa chini ya KARI (leo ni KALRO), kiliijaribu mapema miaka ya 1990: ng'ombe wa maziwa walipewa majani ya napia hadi washibe, wakaongezewa kilo 4 au kilo 8 za lusina mbichi kwa siku, na maziwa yakapanda. Kisha mwaka 1992 akaingia nchini mdudu mdogo kama chawa, Heteropsylla cubana, anayefyonza machipukizi ya lusina hadi yajikunje na kukauka. Hapo ndipo gilirisidia, mti mwingine wa malisho, ilipopata wapenzi wapya, kwa kuwa mdudu huyo haigusi.

Kwa hiyo sasa mashamba mengi yana zote mbili, na tatizo ni kwamba mfugaji huzishughulikia kwa namna moja: anakata, anafunga, anatupa bandani. Lusina na gilirisidia hazitaki kutendewa sawa.

Jani linapojeruhiwa

Anayepika kisamvu anaijua kemia hii hata kama hajawahi kuiita kemia. Ndani ya jani la muhogo mna linamarini, iliyofichwa kwenye vifuko vya ndani ya seli. Kimeng'enya kinachoivunja kimekaa kando, kwenye kuta za seli. Jani likiwa zima, viwili hivi havikutani. Mchi ukishuka, seli zinapasuka, vinakutana, sianidi inafumka, na sufuria ikichemka bila kifuniko inakwenda na mvuke. Ndiyo maana kisamvu hutwangwa kwanza. Anayekikatakata kwa kisu na kukitia motoni upesi anakiua kimeng'enya kwa joto kabla hakijamaliza kazi, na sumu inabaki humo humo kwenye mboga.

Muhogo si wa jamii ya kunde, lakini mimea ya malisho ya jamii hiyo, lusina na gilirisidia zikiwemo, ina mpango wa namna hiyo hiyo: kitu kisicho na madhara upande mmoja, kimeng'enya upande wa pili, na jeraha ndilo linalovikutanisha. Kinachotofautiana ni kinachotoka. Kwa mmea mmoja jeraha hupunguza sumu, kwa mwingine huzaa harufu, kwa wa tatu hufunga protini isimfae mnyama.

Kisiki kilichobaki shambani nacho hakikai kimya. Dakika chache baada ya kukatwa, mmea hutengeneza asidi ya jasmoni, ambayo husambaza habari ya jeraha hadi sehemu zisizoguswa. Kwa saa na siku zinazofuata hizo nazo huongeza kinga: protini zinazokwamisha mmeng'enyo wa anayekula, tanini, na harufu zinazopeperuka. Harufu hizo zina wasikilizaji wake. Watafiti wa Uholanzi walionyesha miaka ya 1980 kwamba jani la maharagwe ya lima linaloliwa na utitiri hutoa harufu inayowavuta utitiri wengine, wale wanaokula utitiri. Hapa Pwani ya Kusini kituo cha utafiti wa wadudu, icipe, kilimwachilia nyigu mdogo Cotesia flavipes mwaka 1993 apambane na kiwavi anayetoboa mahindi, na nyigu huyo humtafuta kiwavi kwa kufuata harufu ya bua lililojeruhiwa pamoja na kinyesi cha kiwavi chenyewe. Ukipita kwenye shamba lililofyekwa asubuhi ukasikia ile harufu ya majani mabichi, hayo ndiyo mazungumzo unayoyanusa.

Kwa mfugaji, la kuchukua hapo ni moja: usikate kisiki kilekile kila wiki. Kata kwa panga kali, mkato mmoja safi ulioinama kidogo, kimo cha goti hadi kiuno, kisha kiache kipumzike wiki sita hadi nane wakati wa mvua. Kiangazi kiongezee hadi wiki kumi na mbili. Sababu ya lusina utaiona sasa hivi.

Lusina: usihesabu majani tu, hesabu na umri wake

Sumu ya lusina ni mimosini. Iko kwenye majani yote, ila imejaa zaidi kwenye ncha changa na mbegu kuliko kwenye majani yaliyokomaa. Anayekata kila baada ya wiki mbili anavuna machipukizi matupu, laini na ya kupendeza, na ndiyo yenye mimosini nyingi kuliko yote. Mfugaji huyo atakuambia kwamba lusina yake ni nzuri sana, mbuzi anaikimbilia. Ni kweli, mbuzi anaikimbilia. Subiri mwezi.

Mimosini huzuia seli zinazogawanyika haraka, na shina la unywele ni mojawapo. Punda hunyonyoka kwanza shingoni na mkiani. Sungura hunyonyoka mwili mzima, kuku hupunguza kutaga. Ng'ombe na mbuzi wamepata nafuu kidogo kwa kuwa wanacheua: vijidudu vya tumbo lao kubwa huvunja mimosini upesi. Lakini hapa ndipo penye mtego. Mimosini ikivunjika hubaki kitu kiitwacho DHP, na DHP haing'oi nywele, inashambulia tezi ya shingo. Mnyama anapata rovu, anadondosha mate, anakonda huku anakula, na ndama anaweza kuzaliwa dhaifu. Chumvi ya iodini haisaidii hapo, maana iodini ipo mwilini, ila tezi imezuiwa kuitumia.

Sasa, jeraha linaingiaje? Jani la lusina lenyewe lina kimeng'enya kinachovunja mimosini kuwa DHP. Likiwa zima, kimekaa mbali nayo. Likitafunwa au kupondwa, kazi inaanza papo hapo, na joto letu la Pwani linaiharakisha. Chukua konzi moja, lisugue kati ya viganja hadi maji ya kijani yatoke, uliache kivulini: utaona linageuka rangi, la kijani kibichi likielekea hudhurungi. Vimeng'enya vimeachiliwa, na mimosini inapungua unapotazama.

Maana yake kwa vitendo inategemea unalisha nani. Kwa ng'ombe na mbuzi, kuponda hakuondoi tatizo kuu, kwa sababu matumbo yao yangefanya kazi hiyo hiyo na DHP ingebaki. Kwao dawa ni kipimo: lusina isizidi theluthi moja ya chakula cha siku, iliyobaki iwe napia, majani ya kawaida au mabua ya mahindi. Anza na konzi chache, ongeza kwa wiki mbili au tatu hadi ufike kipimo, ili vijidudu vya tumbo vizoee.

Vijidudu hivyo vina hadithi yake. Raymond Jones, mtafiti wa Australia, alishangaa kwamba mbuzi wa Hawaii walikula lusina tupu bila kudhurika, na wa kwao wakaugua. Aligundua kwamba tofauti ilikuwa tumboni, si kwenye mmea. Maji ya tumbo la wanyama waliozoea yakahamishiwa kwa wasiozoea, na hao nao wakapona. Bakteria aliyehusika alipewa jina la Synergistes jonesii mwaka 1992, kwa heshima yake. Sikushauri uanze kuhamisha maji ya matumbo nyumbani kwako. Nakueleza ili ujue kwa nini jirani anaweza kulisha nyingi asipate neno, na wewe ukafuata kipimo chake ukaumia.

Kwa kuku, sungura na punda mambo ni mengine. Hao hawana tumbo la kucheua, kwa hiyo mimosini ndiyo adui wao wa kwanza, na jeraha ni msaada. Katakata majani, yatwange kwenye kinu au yapitishe kwenye mashine ya kukatia majani, kisha yaloweke kwenye ndoo ya maji usiku kucha na asubuhi umwage maji yake. Mimosini huyeyuka kwenye maji, kwa hivyo sehemu kubwa ya sumu inamwagika. Ndiyo, unamwaga na virutubisho fulani pia. Hilo ni bora kuliko sungura mwenye upara. Punda wa Kinango anayebeba maji siku nzima usimpe lusina kabisa, hata iliyolowekwa. Apewe majani mengine.

Ukitaka kuweka akiba ya kiangazi, tandaza matawi kwenye jamvi au turubai chini ya ukumbi wa makuti panapopita upepo. Baada ya siku mbili au tatu yapigepige. Vijani vyote vitaanguka vyenyewe na vijiti vitabaki mkononi. Zoa, tia kwenye gunia, ning'iniza. Anayekausha juu ya mchanga au kwenye nyasi hupoteza vijani hivyo vyote, yaani sehemu yenye protini, na anabaki na kuni.

Mengine kwa haraka

Majani ya kunde, ya fiwi na ya klitoria, ile inayotambaa kwenye ua na maua ya buluu, hayana sumu ya kukutisha kwa vipimo vya kawaida. Shida yake ni kupoteza. Protini ya jani lililokatwa huanza kuvunjwa na vimeng'enya vya jani lenyewe saa hiyo hiyo, na lundo likikaa hupata moto. Lishe siku hiyo hiyo, au anika upesi. Ukitaka kuyavundika kwenye shimo au mfuko kama silaji, ongeza molasi, kwa kuwa mimea hii ina sukari kidogo na bila hiyo uchachu unaohifadhi hautoshi. Au changanya na napia.

Kaliandra, nayo mti wa malisho, huwafaa zaidi watu wa bara, kule Embu, ambako watafiti walikadiria kilo 3 mbichi zinachukua nafasi ya kilo 1 ya chakula cha ng'ombe cha dukani. Ikiwa ndugu yako amekuletea mbegu na imeota, ilishe mbichi. Ina tanini nyingi, na tanini ikikaushwa pamoja na jani hushikana na protini kabla mnyama hajafika kuila. Tanini ni kinga ya majani mengi ya miti, na wanyama wa mwituni wana mbinu zao. Kima punju wa Jozani, Unguja, wanakula mkaa wa matanuru. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 na Thomas Struhsaker na wenzake ulihusisha tabia hiyo na majani ya mkungu na mwembe wanayoyala, yenye kemikali ambazo mkaa huzinasa tumboni. Mbega wa Diani, wanaovuka barabara kwa ngazi za kamba, wao wanachagua majani machanga. Ng'ombe wako hachagui. Amefungwa, anakula alicholetewa.

Na ingawa si jamii ya kunde, mtama mchanga uliopigwa na jua na majani ya muhogo vipo kwenye kemia ya sianidi. Mtama uliodumaa kwa ukame usimfungulie mbuzi mwenye njaa auvamie. Majani na maganda ya muhogo yanyaushe na kuyakatakata kabla ya kulisha, na usimpe mnyama mwenye njaa mengi kwa mkupuo.

Gilirisidia: nyausha, usivundishe

Hii ndiyo inayohitaji mikono yako zaidi.

Mpe mbuzi ambaye hajawahi kuiona tawi bichi la gilirisidia. Atanyoosha shingo, atanusa, mdomo wa juu utainuka, halafu atageuza kichwa na kuendelea na kazi zake. Wengi hukata tamaa siku hiyo hiyo na kusema mbuzi wao hawaipendi. Lakini likate tawi hilo saa tisa alasiri, liegemeze ukutani mwa banda hadi asubuhi, halafu mpe tena. Mara nyingi atakula. Changanya na pumba kidogo ya mahindi au mashudu ya nazi siku chache za mwanzo, kisha hatauliza.

Usiku huo mmoja ndio unaobadilisha kemia. Jani bichi limebeba asidi iliyofungwa na sukari, isiyo na harufu yoyote. Seli zikilegea kwa kunyauka, vimeng'enya vinaikata sukari hiyo na kinachobaki hujikunja kuwa kumarini. Ni harufu nzuri, kama ya nyasi zilizokatwa jana, yenye utamu kidogo. Kumarini yenyewe si sumu kubwa kwa ng'ombe kwa kiasi hiki. Wala usiogope harufu: harufu hiyo ikiwa safi ina maana kazi imekwenda vizuri.

Hatari iko hatua moja mbele. Ukungu ukiota kwenye majani yenye kumarini, huigeuza kuwa dikumaroli, na dikumaroli huzuia vitamini K kurudia kazi yake mwilini. Bila vitamini hiyo damu haigandi. Wakulima wa Kanada na Marekani waliipata taabu hii miaka ya 1920 kwa mmea mwingine wa jamii ya kunde, melilotusi, waliokuwa wakiukausha kwa ajili ya majira ya baridi. Ng'ombe waliokatwa pembe au kuhasiwa walivuja damu hadi kufa. Daktari wa mifugo Frank Schofield aligundua kwamba malisho yaliyokaushwa vizuri hayakudhuru, yaliyoota ukungu ndiyo yaliyoua. Mwezi Februari 1933, katikati ya theluji nzito, mkulima Ed Carlson aliingia katika maabara ya mkemia Karl Paul Link huko Wisconsin akiwa na mtamba aliyekufa, debe la damu isiyoganda na lundo la malisho yaliyoharibika. Maabara hiyo ilifukuza jambo hilo hadi ikaitenga dikumaroli mwishoni mwa miaka ya 1930. Kutokana nayo ikazaliwa warfarini, iliyouzwa kwanza kama sumu ya panya mwaka 1948 kisha ikawa dawa ya wagonjwa wa moyo. Kwa hivyo kinachoweza kutokea ndani ya kitita chako cha gilirisidia kilichoota ukungu ni ndugu wa dawa ya panya unayoiona dukani.

Huko kwao waliogopa theluji. Sisi tunaogopa unyevu. Hewa ya Diani na Msambweni ina maji mwaka mzima, na mwezi wa Mei mvua haiachi kitu kikavu. Fanya hivi.

Kata matawi alasiri, jua likiwa limepungua, na uyaeneze kwenye chaga au uyaegemeze wima bila kuyafunga. Usiyaweke chini, unyevu wa sakafu huanza ukungu. Lundo lisizidi unene wa kiganja. Asubuhi lisha. Yale yatakayobaki hadi jioni yasirudishwe horini pamoja na mapya, yatoe.

Kabla ya kulisha kila mara, ingiza mkono katikati. Likiwa baridi na majani yamelegea, endelea. Likiwa na joto, hata kama juu panaonekana kijani, lifumue, ulitandaze, na ulinuse tena. Ukikuta vumbi la kijivu au jeupe, nyuzi, au harufu ya chumba kilichofungwa, acha kabisa. Usijaribu kukung'uta ukungu ukafikiri umebakisha kizuri. Dikumaroli haionekani, na kuanika tena hakuiondoi. Majani hayo hayajapotea bure: yafukie chini ya minazi, gilirisidia ni mbolea nzuri sana.

Wakati wa masika usijaribu kukausha gilirisidia kwa akiba. Kata ya siku hiyo tu. Miezi ya Januari na Februari, kaskazi inapovuma, ndiyo ya kukausha, na hata hapo iwe kivulini penye upepo, ikauke hadi jani livunjike likikunjwa kabla ya kuingia kwenye gunia. Gunia, si mfuko wa plastiki. Plastiki hutoa jasho.

Sumu hii haiui siku ya kwanza. Mnyama anaweza kula malisho mabovu wiki mbili tatu akaonekana mzima, maana vitamini K iliyopo mwilini inapungua polepole. Dalili huja kwa vitu vidogo: mahali kupe alipong'olewa panatoka damu isiyokoma, uvimbe laini chini ya ngozi pale alipojigonga kwenye nguzo, ufizi mweupe, kinyesi cheusi, kuchechemea bila jeraha. Damu puani inaweza kuwa ni ugonjwa mwingine, kwa hivyo usijitibie kwa kukisia. Ondoa malisho hayo siku hiyo, mweke mnyama mahali asipogongwa, usimdunge sindano ya msuli, na mwite daktari wa mifugo umwambie waziwazi alichokuwa akila. Dawa yake ni vitamini K1, na inafanya kazi ikiwahi.

Na kama unapanga kumhasi beberu, kumkata ndama pembe, au una ng'ombe anayekaribia kuzaa, acha kumpa gilirisidia iliyokaushwa, hata ile unayoiamini, wiki tatu kabla. Katika muda huo mpe mbichi iliyonyauka usiku mmoja, au lusina ndani ya kipimo, na ujulishe atakayeshika kisu.